Kuvua Krapi Majira ya Baridi: Somo kwa Anayeanza

Krapi ni samaki bapa wa maziwa na mito ya Amerika Kaskazini. Wako wa aina mbili, krapi mweupe na krapi mweusi, na wote huvuliwa hata katika baridi kali. Msomaji aliyezoea Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ya juu huwa na joto la nyuzi 24 au zaidi, atalazimika kujifunza upya mambo mawili: mahali samaki anapokaa baridi ikiingia, na jinsi maji hayo yanavyomdhuru mtu anayetumbukia. Somo hili linaeleza yote mawili na kuonyesha fedha yako itangulie wapi.

1. Leseni
Nchini Marekani kila jimbo hutoa leseni yake. Katika majimbo mengi huhitajika kwa mtu wa miaka 16 au zaidi, hata kama humrudisha samaki majini. Inunue kwa mamlaka ya wanyamapori ya jimbo au kwa wakala wake aliyeidhinishwa. Uliza pia idadi ya samaki inayoruhusiwa kwa siku. Leseni ya burudani haimruhusu mvuvi kuuza samaki.

2. Vifaa
Kabla ya fimbo, nunua jaketi la kuokolea linalokutosha, lenye lebo ya idhini ya Kikosi cha Ulinzi wa Pwani cha Marekani. Kisha yatosha kuwa na:
• fimbo nyepesi na mshipi mwembamba wenye uwezo wa kilo 2 hadi 3;
• ndoana ndogo zenye chubwi ya gramu 1 hadi 2;
• boya dogo, na samaki wadogo wa chambo.
Muuzaji akikushawishi kununua chombo cha elektroniki cha kutafutia samaki, fahamu kwamba anayeanza aweza kuvua bila hicho.

3. Mahali na namna ya kuvua
Maji huwa mazito zaidi yanapofikia nyuzi 4 za Selsiasi, hivyo katika ziwa lililoganda maji ya chini huwa na joto kuliko ya juu. Krapi hukusanyika penye kina, hasa karibu na miti iliyozama. Kwa kuwa mwili wake hufanya kazi polepole katika baridi, hakimbizi chambo. Kiteremshe taratibu na ukiache kitulie. Kiweke juu kidogo ya samaki, kwani krapi hupenda kula akielekea juu. Akiuma, huenda boya likainama tu. Inua fimbo kwa upole, maana mdomo wake ni mwembamba na huchanika upesi.

4. Usalama
Anayetumbukia katika maji ya baridi kali hutweta bila kujizuia katika dakika ya kwanza na aweza kuvuta maji, hata akiwa mwogeleaji hodari. Kwa kadiri ya dakika 10 mikono na miguu hupoteza nguvu. Jaketi lililoachwa ndani ya mtumbwi halimsaidii. Livaliwe tangu ufukoni.

Kwa barafu, mamlaka ya maliasili ya Minnesota hushauri unene usiopungua sentimita 10 za barafu mpya iliyo angavu kwa anayetembea kwa miguu. Barafu nyeupe ni dhaifu, na unene wake sharti uwe maradufu. Pima kila baada ya hatua chache, kwani unene hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Vaa shingoni jozi ya misumari yenye mipini ya kujivutia juu ya barafu, usiende peke yako, na umjulishe mtu wa nyumbani unakokwenda na saa ya kurejea.

Kumbuka
Krapi aliyekuponyoka leo aweza kuvuliwa kesho. Ukiwa na shaka juu ya barafu, rudi nyumbani.