i7 ya zamani au i5 ya juzi? Soma kabla hujatoa hela

Wadau wa biashara mtandaoni, leo ni kompyuta za mtumba. Tukiingia dukani swali la kwanza huwa "hii ni i ngapi?" Muuzaji akijibu i7, bei inapanda na sisi tunatoa tu. Mtaji unaliwa hapo.

Sikia. i5 au i7 ni daraja tu, bado hujaijua prosesa yenyewe. Angalia namba inayofuata. Chukua Intel mbili, i7-7500U na i5-8250U. Ile 7 baada ya kistari ni kizazi cha 7, ile 8 ni kizazi cha 8. Sasa hiyo i7 ina viini 2, i5 ina viini 4. Kiini ni kama kijana wa kufunga mizigo: oda zikiwa nyingi, vijana wanne watakutoa mapema kuliko wawili, hata kama hao wawili wanajiita mabosi. Ukifungua WhatsApp, Canva na daftari la stoo kwa pamoja, utaiona tofauti.

Tena hiyo i5 imo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubali Windows 11. Hiyo i7 haimo, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2025.

Tuseme (bei ni mfano) i7 hiyo ni 600,000 na i5 ni 520,000. Unaongeza 80,000 upate mashine dhaifu! Hiyo ni hela ya mzigo.

Je, zote zikiwa kizazi cha 8? i7-8550U nayo ina viini 4, ila mwendo wake wa juu ni GHz 4.0, wakati i5 inaishia 3.4. Kwa mtu wa kupost na kujibu wateja, mimi naona haina haja. Tofauti ya bei weka kwenye RAM ifike GB 8, na uhakikishe ina SSD. Anayehariri video kutwa nzima atafute yenye herufi H mwishoni badala ya U, ila ajue inakula chaji.

Stika ya nje isikudanganye, mtu yeyote anaweza kuibandika. Kabla hujalipa iwashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha CPU. Jina kamili na idadi ya viini (pameandikwa Cores) vyote viko hapo. Muuzaji akikukatalia kuiwasha, nenda duka la pili.