Neno "Merikani" na Uchumi wa Utumwa katika Majimbo ya Kaskazini ya Marekani

1.0 Utangulizi

Wasomaji wa Kiswahili wanalifahamu neno merikani: kitambaa kizito cha pamba, kisicho na rangi wala maua, ambacho katika karne ya 19 kilivaliwa pwani na kutumiwa bara kama fedha katika biashara ya misafara. Asili ya neno hilo haina utata. Limetokana na jina la nchi kilikotoka kitambaa chenyewe. Jambo lisilojadiliwa sana ni historia ya kiuchumi iliyobebwa na neno hilo. Kitambaa kilifumwa hasa Massachusetts, jimbo la kaskazini lililokuwa limekwisha kukomesha utumwa, lakini pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba kwa majimbo ya kaskazini, kukomesha utumwa hakukuwa sawa na kuachana na uchumi wa utumwa.

2.0 Utumwa katika makoloni ya kaskazini

Massachusetts iliutambua utumwa kisheria mwaka 1641. Kwa kuwa hali ya hewa ya kaskazini haikufaa kilimo cha miwa au mpunga, baadhi ya watu hudhani kuwa utumwa huko ulikuwa jambo dogo. Dhana hiyo ina kasoro mbili.

Kwanza, watumwa walifanya kazi bandarini, katika karakana, majumbani na mashambani. Huko Narragansett, Rhode Island, walitunza ng'ombe wa maziwa na farasi waliouzwa katika visiwa vya Karibi. Katika mji wa New York, katikati ya karne ya 18, takriban mtu mmoja kati ya watano alikuwa mtumwa.

Pili, faida kubwa ilitoka baharini. Wafanyabiashara wa Rhode Island walinunua molasi ya Karibi, wakaigeuza kuwa pombe kali ya rumu, kisha wakaipeleka Afrika Magharibi kununulia watu. Kati ya mwaka 1709 na 1807, merikebu za huko zilifunga safari zaidi ya 900 na kuwachukua Waafrika zaidi ya 100,000.

3.0 Sheria za ukomeshaji: nani aliyelipa?

Vermont iliukataza utumwa wa watu wazima katika katiba yake ya mwaka 1777, na mahakama za Massachusetts zikaunyima uhalali mwaka 1783. Majimbo mengine yalifuata njia ya polepole. Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1780 haikumwachia huru aliyekwisha kuwa mtumwa. Mtoto aliyezaliwa baada yake ndiye aliyeahidiwa uhuru, tena baada ya kutumikia hadi umri wa miaka 28. Sheria ya New York ya mwaka 1799 iliweka miaka 28 kwa wanaume na 25 kwa wanawake. Ile ya New Jersey ya mwaka 1804 iliweka 25 na 21. Kiuchumi, maana yake ni kwamba mmiliki alifidiwa, na aliyemfidia ni mtoto wa mtumwa, kwa kazi ya ujana wake. Sensa ya mwaka 1860 bado iliwahesabu watumwa 18 New Jersey.

4.0 Kutoka merikebuni hadi kiwandani

Mfano wa familia ya Brown ya Providence unafafanua hoja yetu. Mwaka 1764 ndugu wanne wa familia hiyo waliituma merikebu Sally Afrika Magharibi. Nahodha wake alinunua watu 196. Wasiopungua 109 kati yao walikufa. Baadaye ndugu hao walitengana kimsimamo. John aliendelea kuitetea biashara hiyo. Moses aliwaacha huru watumwa wake mwaka 1773, akajiunga na dhehebu la Marafiki na kupigania ukomeshaji.

Hata hivyo, ni Moses aliyemgharimia Samuel Slater, ambaye mwaka 1790 alianza kusokota pamba kwa mashine zilizoendeshwa kwa nguvu za maji huko Pawtucket. Mwaka 1793 Eli Whitney alibuni mashine ya kuchambua pamba, na kilimo cha pamba cha kusini kikapanuka haraka. Viwanda vya kaskazini vilinunua pamba hiyo. Vingine, hasa vya Rhode Island, vilifuma nguo duni za kuwavisha watumwa walioilima. Hatuna sababu ya kutilia shaka imani ya Moses, na ndiyo maana mfano wake una uzito: dhamiri ya mtu mmoja haikutosha kuutenga mtaji wake na utumwa.

5.0 Hitimisho

Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliimarisha biashara yao Unguja. Walileta merikani, wakarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Vita vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipoikatiza pamba ya kusini, kitambaa hicho kiliadimika, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake. Kuadimika huko ni ushahidi tosha: kiwanda cha jimbo huru kilisimama pale shamba la watumwa liliposimama. Kwa hiyo mwanaleksikografia anayeeleza kuwa merikani ni "nguo kutoka Marekani" amesema kweli, lakini ametaja bandari tu, shamba hajalitaja.