KIUNGULIA KISICHOPONA NA KAZI YA KISU

Soma: 1 Wakorinto 6:19-20

Ndugu msomaji, pengine kila siku baada ya kula unasikia moto kifuani. Maji makali yanapanda mpaka kinywani, hasa ukiinama au ukilala. Jambo hili linatoka wapi?

1. Sababu yake. Katikati ya kifua na tumbo kuna ukuta wa nyama. Ukuta huu una tundu ambamo mrija wa chakula unapita. Tundu likilegea, sehemu ya mfuko wa chakula inapanda kifuani. Hiyo ni ngiri ya ndani; huwezi kuishika kwa mkono. Mlango wa mfuko haufungi vema, na maji makali yanarudi na kuunguza mrija.

2. Kisu si cha kwanza. Wengi wanasaidiwa bila kupasuliwa. Kula kidogo kidogo. Ukisha kula, ngoja saa 3 kabla ya kulala. Inua kitanda upande wa kichwa kwa matofali, sentimeta 15. Acha pombe na tumbako. Meza dawa kama mganga alivyokuagiza.

3. Kupasuliwa. Dawa zikishindwa, au ngiri ikiwa kubwa, mganga anaweza kukushauri upasuliwe. Unalazwa usingizi kwa dawa. Mganga anarudisha mfuko mahali pake na kushona tundu lililolegea. Kisha anazungusha sehemu ya juu ya mfuko kwenye mwisho wa mrija, kama mtu anavyofunga kitambaa shingoni. Hivyo mlango unapata nguvu. Mganga Rudolf Nissen wa Basel, katika Uswisi, aliandika habari za kazi hii mwaka 1956, na waganga wanaifanya hata leo.

4. Baadaye. Majuma ya kwanza kunywa uji na mchuzi. Bugali na nyama vingoje. Kumeza na kupiga mbweu kutakuwa kugumu; kwa wengi shida hii inapungua. Usibebe mzigo wa kuni wala maji mpaka mganga akuruhusu.

5. Usikawie. Ukitapika damu, choo kikiwa cheusi kama makaa, au chakula kikikwama, njoo hospitali siku ile ile. Ukikonda bila sababu, njoo upimwe.

Wengine wanasema kwamba Mkristo anayekubali kisu amepungukiwa na imani. Sivyo. Mungu anayesikia maombi ndiye aliyewapa waganga akili na mikono. Omba, kisha njoo.

MAULIZO
1. Kwa nini maji makali yanapanda?
2. Utafanya nini nyumbani kabla ya kufikiri kisu?
3. Ni dalili gani zisizongoja kesho?