Fonti za Mazimwi kwa Macho ya Watoto

SWALI: Nina duka la uchapishaji Nyamira mjini. Mwalimu mmoja ameniletea hadithi za mazimwi kwa Ekegusii, anataka kitabu chenye herufi za kichawi. Nichague fonti zipi?

JIBU: Chagua mbili tu: moja ya madoido, moja tulivu. Kwa kichwa cha jalada jaribu Almendra, iliyobuniwa kwa ajili ya vitabu vya watoto na kufuata mwandiko wa kalamu za kale. Kurasa za ndani zipe Andika ya shirika la SIL, iliyoundwa kwa wanaoanza kusoma. I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 hazichanganyiki. Zote ni za bure, hata kwa biashara.

Kabla ya kukata shauri, chapa neno "eng'ombe". Kibainishi kikigeuka mraba mtupu, fonti hiyo haikufai. Kisha bandika jalada ukutani, urudi nyuma hatua tano. Likikushinda kusoma, mtoto ataliwezaje?

Kumbuka vinyago vya mawe vya Tabaka, kule Kisii: nakshi hung'aa kwa sababu jiwe lililoizunguka limeachwa laini. Madoido yabaki kwenye kichwa, hadithi isomeke.