Bima ya Mtu wa Tatu: Inalipa Nini na Hailipi Nini?



Pikipiki zimekuwa nyingi kambini, na maswali juu ya bima ni mengi pia. Hapa Uganda, sheria ya mwaka 1989 inakataza kuendesha chombo cha moto barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Bodaboda nayo imo.

Huyo mtu wa tatu ni nani? Wa kwanza ni wewe mwenye chombo. Wa pili ni kampuni iliyokuuzia bima, ile tuliyozoea kuiita asiransi kule Kongo. Wa tatu ni yule utakayemgonga. Kwa hiyo bima hii haikutibu wewe dereva ukianguka, wala haitengenezi pikipiki yako.

Naye analipiwa kifo au kuumia mwili tu. Ukigonga mbuzi wa jirani au ukibomoa kibanda cha duka, utalipa mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kiasi, maana wengi hufikiri kwamba ukishabandika stika umemaliza. Sheria hiyo iliweka shilingi 1,000,000 kwa mtu mmoja, na 10,000,000 kwa ajali nzima. Mwaka 1989 fedha hiyo ilikuwa na uzito. Leo ni kidogo mno. Tuseme umemvunja mtoto mguu, na korti imeamua alipwe 4,000,000. Bima itatoa 1,000,000. Zile 3,000,000 zilizobaki utadaiwa wewe. Kabla hujamwazima kijana pikipiki yako aende sokoni, fikiri hesabu hiyo.

Na wewe uliyegongwa, usikubali haraka kupatana njiani kwa pesa ya dawa. Mifupa huuma baadaye. Andika namba ya chombo, namba ya stika na jina la kampuni. Toa taarifa polisi mapema, na tunza karatasi zote za hospitali pamoja na risiti. Kesi ya kuumia ifunguliwe kortini kabla ya miaka 3 kupita. Wapo wanaosema mkimbizi halipwi. Si kweli; kinachoangaliwa ni madhara uliyopata, si uraia wako.

Anayevuka mpaka na gari kwenda Kongo, Rwanda au Burundi atahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, kwa kuwa bima ya kawaida ya Uganda inaishia mpakani.

Kama una stika na huelewi maandishi yake, ilete kwa mhudumu wa jamii wa mtaa wako, mtaisoma pamoja.