Je, Mavazi na Sura ni Ushahidi? Somo la Ishara na Hesabu ya Uwezekano

Mwalimu wa hisabati anayefundisha uwezekano aghalabu hutumia sarafu, dadu na mfuko wenye gololi nyekundu na nyeupe. Mifano hiyo ni mizuri, lakini mwanafunzi huondoka darasani akidhani kwamba uwezekano ni habari ya gololi tu. Katika makala hii tutachukua mfano mwingine, nao ni imani iliyoenea karibu kila nchi kwamba mtu anayevutiwa kimapenzi na watu wa jinsia yake aweza kutambuliwa kwa nguo alizovaa, kwa mwendo wake, kwa sauti yake au kwa sura yake. Hatujadili hapa sheria wala mafundisho ya dini. Hayo yana wenyewe. Tunauliza swali la kisayansi: ishara hizo zapima nini hasa, na mwenye kuzitegemea hukosea mara ngapi?

Swali hili lina uzito. Mwezi wa Agosti 2018 magazeti ya Ulaya yaliripoti habari ya kijana wa miaka 18 kutoka Afghanistan aliyeomba hifadhi nchini Austria, akieleza kwamba mwelekeo wake wa mapenzi ungemtia hatarini kwao. Ofisa alimkatalia, na miongoni mwa sababu alizoandika ni kwamba mwendo, vitendo na mavazi ya kijana huyo havikuonyesha hata kidogo kwamba alikuwa mtu wa namna hiyo. Muda si muda ikaripotiwa habari ya mwombaji mwingine, huyu kutoka Iraq, aliyekataliwa katika nchi iyo hiyo kwa kuwa alionekana mwenye mwenendo wa kike kupita kiasi, hivyo akadhaniwa anaigiza. Wa kwanza hakuwa na ishara. Wa pili alikuwa nazo tele. Wote wawili wakapewa jibu moja. Kipimajoto kinachosoma nyuzi zile zile katika barafu na katika maji yanayochemka hukitupa. Ikumbukwe kwamba tarehe 2 Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikuwa imekwisha kuamua kwamba maombi ya namna hii hayawezi kuamuliwa kwa kutegemea dhana za jumla peke yake.

Mavazi husema lugha ya mahali

Tuanze na mavazi, kwa kuwa ndiyo yanayotazamwa kwanza. Vazi halina maana yake lenyewe. Hupewa maana na jamii inayolivaa, kama vile neno linavyopewa maana na wasemaji. Mwanamume wa Lamu aliyejifunga kikoi amevaa vazi la heshima la nyumbani. Mgeni asiyeijua pwani aweza kulichukua kuwa sketi. Morani wa Kimasai husuka nywele zake ndefu, akazipaka udongo mwekundu na kuvaa shanga na vipuli, ilhali mama yake amenyoa kichwa. Mtu aliyejifunza "ishara" zake mjini Paris, akazileta hapa, atawapanga watu wetu kinyumenyume.

Hata huko zilikotoka, ishara hizo hazidumu. Mwezi wa Juni 1918 jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto nchini Marekani liliwashauri wasomaji wake kwamba rangi ya waridi ni ya wavulana, kwa kuwa ni rangi yenye nguvu, na buluu ni ya wasichana, kwa kuwa ni laini. Leo vitukuu vyao huona aibu kinyume cha hapo, tena kwa uhakika ule ule. Sisi nasi tunayo historia yetu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia kuanzia Januari 1969, kwa hoja kwamba mavazi hayo yalifichua utu uliopotoka. Suruali zile zile zilizowatia vijana matatani siku hizo, leo huvaliwa na makarani wa benki.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari ng'ambo, wenyeji walikuwa wakinitazama kwa mshangao kila nilipotembea huku nimeshikana mkono na mwenzangu kutoka Kenya. Kwetu ilikuwa ni urafiki. Kwao ilikuwa ni tangazo. Hata neno lenyewe "shoga" lina mafundisho: wanawake wa pwani huitana hivyo kwa maana ya rafiki wa dhati, na neno hilo hilo likisemwa kwa mwanamume hugeuka tusi.

Mashine iliyotazama mboni

Wako watakaosema kwamba nguo hudanganya lakini mwili haudanganyi. Imani hii nayo imejaribiwa, na mfano ulio bora, au tuseme ulio mbaya kuliko yote, ni wa Kanada. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali za Marekani na Kanada ziliingiwa na hofu kwamba watumishi wa umma wenye mwelekeo huo wangeweza kutishwa na majasusi ili watoe siri. Marekani ilitoa amri ya rais mwaka 1953, na watu wengi wakafukuzwa kazi. Mmoja wao alikuwa Frank Kameny, mwanaastronomia mwenye shahada ya udaktari kutoka Harvard, aliyeondolewa mwaka 1957 katika idara ya jeshi ya kuchora ramani.

Kanada ilitaka kipimo cha maabara. Mwanasaikolojia Frank Robert Wake wa Chuo Kikuu cha Carleton alipewa kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtu alikaa kitini, akaonyeshwa picha mbalimbali za wanaume na wanawake, na kamera ikapiga picha za jicho lake ili upana wa mboni upimwe. Nadharia ilikuwa kwamba mboni hupanuka mtu aonapo kinachomvutia. Kifaa hicho kilikuja kuitwa "mashine ya matunda", kwa kuwa "tunda" lilikuwa tusi la mitaani katika Kiingereza cha wakati ule.

Mwanafunzi yeyote wa baiolojia aweza kutaja kasoro za kipimo hiki kwa kutumia kioo na taa ya mkononi. Mboni husinyaa kwa mwanga na kupanuka kwa giza; basi picha yenye weupe mwingi itaisinyaza na picha yenye weusi mwingi itaipanua, hata kama zote mbili ni picha za gunia la mahindi. Pia mboni hupanuka kwa hofu, na ni nani asiyeogopa akiwa amekalishwa kitini na watu wanaoweza kumnyang'anya kazi? Tena mabadiliko yanayopimwa ni madogo mno, na vichwa vya watu havilingani kimo wala macho yao hayalingani nafasi kati yake. Polisi walipoombwa wajitolee kupimwa kama kundi la ulinganisho, wengi walikataa, wakihofia kwamba mashine ingewatangaza wao. Kwa maoni yangu kukataa kwao kulikuwa ndiyo hukumu ya haki kuliko zote zilizotolewa juu ya kifaa hicho.

Mradi uliachwa mwaka 1967 bila kufaulu. Hata hivyo, kukosekana kwa kipimo hakukuzuia orodha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 polisi wa Kanada walikuwa wamekusanya majina ya watu zaidi ya 9,000. Serikali ya nchi hiyo iliomba radhi bungeni tarehe 28 Novemba 2017.

Wake hakuwa wa kwanza kutafuta alama mwilini. Mwaka 1857 daktari Mfaransa Auguste Ambroise Tardieu alidai katika kitabu chake kwamba miili ya watu hao huwa na alama zinazoonekana kwa mganga. Dai hilo halina msingi wa kitabibu, lakini uchunguzi wa lazima uliotokana nalo uliishi zaidi ya karne moja na nusu, ukafika hata pwani yetu. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa ya Kenya, ikikaa Mombasa, iliamua kwamba kumfanyia mtu uchunguzi huo kwa nguvu ni kinyume cha Katiba.

Jaribio la Evelyn Hooker

Jaribio lililo safi zaidi kwa ajili ya darasa ni la Evelyn Hooker wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lililochapishwa mwaka 1957. Aliwachukua wanaume 60: 30 wenye mwelekeo wa jinsia yao na 30 wasio nao, akawapanga jozi jozi kwa umri, elimu na kipimo cha akili. Kila mmoja alifanya mitihani ya saikolojia iliyotumika sana siku hizo, ukiwamo ule wa madoa ya wino. Kisha majibu, yakiwa hayana majina, yalipewa mabingwa watatu. Mmoja wao, Bruno Klopfer, alikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa kabisa wa mtihani wa madoa. Walipoonyeshwa jozi na kutakiwa waseme nani ni nani, mabingwa hawakufanya vizuri kuliko mtu ambaye angerusha sarafu.

Ubora wa jaribio hili umo katika jambo moja dogo: mabingwa hawakujua jibu. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wakimwona mgonjwa wanayejua habari zake, kisha "wakaziona" ishara. Mwaka 1973 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliondoa mwelekeo huo katika orodha ya magonjwa ya akili, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo mwaka 1990.

Kompyuta nayo?

Msomaji aliyesikia habari za akili bandia atauliza kama kompyuta haikushinda pale binadamu aliposhindwa. Mwaka 2017 Yilun Wang na Michal Kosinski wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza kwamba programu yao, iliyofundishwa kwa picha za uso kutoka tovuti ya kutafutia wachumba, iliweza kuchagua sawasawa kwa asilimia 81 ilipopewa picha ya mwanamume mmoja wa kila kundi. Magazeti mengi yaliandika kana kwamba mashine ingeweza kusimama sokoni ikawatenga watu. Sivyo. Kuchagua kati ya wawili, huku ukijua kwamba mmoja ndiye, ni kazi nyepesi kuliko kutafuta wachache kati ya wengi. Watafiti hao wenyewe walijaribu kundi la wanaume 1,000 ambamo 70 walikuwa na mwelekeo huo. Katika 100 ambao mashine iliwataja kwa uhakika mkubwa zaidi, waliokuwa nao walikuwa 47 tu. Hamsini na watatu walisingiziwa.

Tena mashine iliona nini? Wachambuzi walionyesha kwamba picha hizo zilitofautiana kwa miwani, ndevu, vipodozi na hata pembe ambayo kamera ilishikwa, yaani namna watu wanavyopenda kujionyesha kwa wachumba. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin uliochapishwa mwaka 2015 ulikuwa umegundua jambo la jamii hiyo: picha za makundi mawili hazikulingana kwa ubora, na tofauti hiyo ilipoondolewa, watazamaji hawakuweza tena kuwatenganisha watu.

Hesabu ya ishara

Sasa tuje kwenye ubao. Chukua watu 1,000, na tuseme 40 kati yao wana mwelekeo tunaouzungumzia. Takwimu hii ni ya mfano tu. Tuwape wenye imani ya ishara upendeleo mkubwa: tukubali kwamba iko ishara fulani ya mavazi inayoonekana kwa nusu ya hao 40, na kwa mmoja tu kati ya kila kumi wa wale wengine. Yaani ishara hiyo ni ya mara tano zaidi katika kundi la kwanza. Ishara yenye nguvu hivyo ni adimu katika sayansi ya jamii.

Nusu ya 40 ni 20. Sehemu ya kumi ya 960 ni 96. Wote wenye ishara ni 116, na kati yao waliotambuliwa sawasawa ni 20, yaani asilimia 17. Anayehukumu kwa ishara hiyo atakosea mara 83 katika kila mia, na wakati huo huo nusu ya aliowatafuta watakuwa wamempita bila kuwaona. Kosa halitokani na udhaifu wa ishara. Linatokana na wingi wa kundi kubwa, ambalo sehemu yake ndogo huzidi sehemu kubwa ya kundi dogo.

Kwa nini basi watu husadiki? Kwa sababu anayekisia hapewi majibu. Mfamasia akikosea dawa, mgonjwa humrudia. Lakini kijana aliyecheka sauti nyembamba ya mwenzake wa kidato cha pili hatajua kamwe kama alikuwa miongoni mwa wale 96. Hukumbuka kisa kimoja kilichoafiki, na visa vingine havimfikii. Mwalimu wa zamu hukutana na matokeo: mvulana aliyeacha kujibu maswali darasani, au msichana aliyeacha timu ya mpira kwa sababu ya maneno ya bwenini.

Kwa mazoezi, wanafunzi wachore jedwali la vyumba vinne na kulijaza kwa hesabu hiyo, kisha waibadilishe. Waanze na swali hili: ishara ikibaki kwa nusu ya wale 40, yapasa ionekane kwa watu wangapi kati ya 960 ili hukumu iwe sawa angalau nusu ya mara? Jibu ni 20, yaani mmoja kati ya 48. Kisha watafute jibu ikiwa tunataka hukumu iwe sawa mara tisa katika kumi.