Ukitaka Kukijua Kinoo cha Kale, Tazama Ubavu

Kwenye masoko ya vitu vya zamani hapa Uingereza, vinoo vya wembe wa kukunja hukutwa ndani ya visanduku vya mbao, vimelowa mafuta na kutapakaa uchafu hadi vyote vinafanana. Wauzaji wengi huangalia uso wa juu, wakakipa kinoo jina. Mimi huanza na ubavu.

Kabla ya kuosha natafuta karatasi ya nembo. Ikiwepo, maji hayaigusi: nembo ya Escher, kampuni ya Sonneberg huko Thuringia, Ujerumani, hupandisha bei ya jiwe maradufu. Isipokuwepo, nakiloweka kinoo kwenye mafuta ya taa usiku kucha, nakisugua kwa brashi na sabuni ya vyombo, kisha nakitazama juani kikiwa kimelowa maji. Jiwe kavu hudanganya rangi.

Lenye rangi ya manjano iliyopauka kama siagi huenda ni coticule ya Ubelgiji, kutoka Ardennes, upande wa Vielsalm. Hapo ubavu unasema mengi. Kama manjano imeungana kiasili na mwamba wa buluu uliokuwa chini yake, mpaka wa rangi hizo mbili hupindapinda na rangi moja huingia ndani ya nyingine. Ukiona mstari ulionyooka na alama za gundi, mafundi walilibandika juu ya sleti ili lisivunjike. Usilidharau kwa hilo. Kinachonoa ni chembe za garneti zilizomo ndani ya manjano.

Kijani iliyofifia yenye michirizi ya wekundu au kahawia hunipeleka Charnley Forest, Leicestershire. Hilo ni gumu na hunoa polepole, na wazee walilitumia kwa mafuta. Gumu zaidi ni Arkansas ya Marekani: yale mazuri ukiyamulika kwa tochi, kingo hupitisha mwanga.

Likifanana na sleti laini, nasugua pembe yake kidogo kwa bamba la almasi. Jiwe la Thuringia hutoa tope haraka, nalo huwa jepesi na limepauka kuliko jiwe lenyewe. Arkansas usiisugue hivyo, utachakaza bamba bure.

Mwisho natumia lenzi. Chembe zilizolingana kila mahali, pamoja na vitundu vidogo vya hewa, ni dalili ya kinoo cha kiwandani. Vinyozi walivitumia sana hivyo, na baadhi hunoa vizuri, ila usivilipie bei ya jiwe la mlimani.